Mlango wa Zahran na Kivuli cha Mkarafuu

Baada ya sala ya alasiri Zahran alisimama uani kwake, njia ya Wesha, akabonyeza rimoti. Mlango wa banda la gari ukashuka taratibu, ukafika usawa wa goti, ukatua. Haukugonga kitu wala haukulia. Ulitua tu, kama mtu aliyefika kwenye kiti chake. Kuku wakapita chini yake, wakaenda kulala juu ya boneti.

Fundi Haitham aliitwa. Akalipangusa jicho la mlangoni, lile linaloushika mlango usimbane mtu, akapaka reli grisi, akalegeza springi, akazikaza tena. Mwisho akaichomoa mota, yeye na Zahran wakaudandia mlango kwa uzito wao wote. Walining'inia miguu juu, na mlango haukushuka hata unywele. Haitham akalala kifudifudi, akapenyeza mkono chini yake. Ulitoka umepoa.

"Bwana Zahran, mlango wako hauna ila. Umekaa juu ya kivuli."

"Kivuli cha nini?"

"Cha mkarafuu. Kinene hivi, kama gunia lililolazwa."

"Basi kiondoe."

"Mie fundi wa milango," alisema Haitham, akafungasha spana zake.

Kivuli kile Zahran alikijua vizuri sana. Baba yao alipofariki, kiwanja kilimwendea yeye, na mkarafuu uliosimama pale ulikuwa wa dada yake Radhiya. Marehemu alimpa kwa kinywa chake, mbele ya watu. Ardhi ya mmoja, mti wa mwengine. Pemba jambo hilo halimshangazi mtu. Kila msimu Radhiya alichuma, akauza, wala hakwenda kwa mtu kuomba hata sukari. Kisha akenda Makangale kumtazama bintiye aliyejifungua. Aliporudi, mti hakuna, pana banda la gari. Zahran alimwambia umeangushwa na upepo. Kisiki kilikuwa kimekatwa laini kama meza, lakini upepo gani huo wenye msumeno, hakueleza.

Radhiya aliumia sana. Alilia siku ile, kisha akachukua jamvi lake, na kila alasiri akawa anakuja kukaa kivulini. Kivuli hakikuhama na jua, maana hakikuwa na mti wa kukivuta. Kililala kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Watu na kuku kiliwapisha. Mlango hakikuupisha.

Siku ya Idd majirani walijaa uani. Zahran, kanzu imenyooshwa ikanyooka, alimfuata dada yake na sahani ya halwa.

"Da Radhiya, leo Idd. Tusameheane."

Nyuma yake mlango ukashuka upana wa kidole. Watu waliuona, wakaendelea kunywa kahawa.

"Mie nikusamehe, haya," alisema Radhiya. "Wewe unisamehe nini?"

Zahran akaitazama halwa. "Sote wanaadamu."

Mlango ukarudi ulipokuwa.

"Sema umeukata, Zahran. Basi. Sitaki jengine. Mti hautorudi, najua, lakini usinifanye mie mjinga mbele ya watu."

"Dada'ngu, upepo wa siku ile, wallahi..."

Hapo mlango ukapanda mpaka usawa wa kiuno, ukatua huko. Jirani mmoja akasema halwa ya mwaka huu imekolea samli. Tangu siku hiyo na mbuzi nao wakawa wanalala bandani, na Zahran akawa anaondoa mavi yao kila asubuhi kabla hajawasha gari.

Msimu wa karafuu ulipofika, kivuli kikazaa. Karafuu mbichi zilidondoka kutoka hewani, zikajaa juu ya gari, sakafuni, na nje mlangoni, mtaa mzima ukanukia. Majirani walisema mwaka huu mavuno mazuri. Radhiya alikuja na jamvi na pakacha. Alimkuta Zahran kishatangulia, kainama, gunia limefika nusu.

"Za mti gani hizo, Zahran?"

Zahran akajipangusa karafuu zilizomtua begani. Moja ilikuwa imenasa kwenye kofia, hakuiona.

"Mti? Hapa hakuna mti, da Radhiya. Kwani wewe unauona?"

Akalifunga gunia, akalipakia garini, akabonyeza rimoti. Mlango ukashuka mpaka kiunoni, ukatua.

Radhiya alitandaza jamvi lake upande wa nje, akakaa. Zilizomwangukia mapajani alizichambua, akazitia pakachani. Zilizoanguka kwengine kote, Zahran alirudi kuzichukua kwa fagio.