Siku Wafu Wawili Walipopishana

Don Ildefonso Araya alikuwa bado kijana aliponyimwa mara ya kwanza. Wanajeshi walikuwa wameshika nchi, barabara ya kupanda mlimani kwenye darubini ikafungwa, naye akabaki chini mjini Vicuña, uani kwa mama yake, akijua kwamba huko juu jambo linapita bila yeye.

Jambo lenyewe lilihusu nyota jirani. Kwa macho ni moja, lakini kwa darubini ziko nne: moja ya manjano, moja ndogo nyekundu, na mbili zilizokwisha kuzimika, zimebaki makaa meupe yenye ukubwa wa dunia yetu hii. Hizo mfu mbili huzungukana polepole. Mara moja katika miaka hamsini hivi, moja hupita mbele ya mwenzake, na kwa saa chache mwanga wa ile ya nyuma hupinda na kuongezeka. Don Ildefonso ndiye aliyepiga hesabu hiyo. Hakuna aliyewahi kuliona likitokea.

Sasa siku ilikuwa imefika tena, jioni ya Aprili, naye alikuwa mzee wa kutembelea mkongojo. Rosalba Cuturrufo, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ndiye msimamizi wa darubini, alimfuata kwa gari mchana. Huko juu, jikoni, walimkuta Mirta, mpishi.

"Don, leo ndo unawaoza wale wafu wako?" Mirta akamchokoza.

"Wameoza zamani, mama. Mimi naenda kuwaona tu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Rosalba hakuwahi kumwona na furaha namna ile.

Kabla jua halijazama, camanchaca, ule ukungu wa baharini, ukaanza kupanda bondeni. Kwa kawaida huishia chini ya mlima. Jioni ile haukuishia. Ulimeza mashamba ya zabibu, ukameza barabara, kisha ukafika mlangoni. Rosalba alitazama kipimo cha unyevu kikipanda, akaufunga mlango wa kuba la darubini.

"Usifunge," alisema mzee.

"Kioo cha darubini kitalowa, don."

"Basi fungua dakika kumi tu. Nakuomba, mwanangu."

Rosalba alimshika mkono, akamtoa nje. Gari waliloliacha hatua chache tu halikuonekana.

"Hata nikifungua, tutaona nini?"

Mzee aligeuka. Alirudi ndani, akatoa leso na kuanza kufuta kioo cha dirisha. Alifuta kwa nguvu, kwa mduara, ilhali ukungu ulikuwa upande wa nje. Rosalba alimwacha afute.

Akampigia simu Anselmo, rafiki yao aliye kwenye darubini ya ng'ambo ya milima, Argentina.

"Huku theluji, dada," sauti ya Anselmo ilisikika chumba kizima. "Hata mlango hatujafungua. Samahani, don."

"Samahani ya nini? Kwani theluji umeileta wewe?" Mzee alijaribu kutabasamu. Uso ukamkatalia.

Wakaketi. Mirta alileta supu ya kuku na mahindi, akasimama kidogo, akaondoka bila utani. Baada ya muda don Ildefonso alitazama saa ya ukutani, akasema kwa sauti ya chini, "Sasa hivi." Walikaa hadi saa ya nyota kutua nyuma ya milima, mahali ambapo wasingeziona hata kwa mbingu safi. Supu ilikuwa imeganda mafuta.

"Mara ijayo utakuwa na miaka mingapi?" aliuliza mzee.

"Karibu tisini, don."

"Utakuwa na macho?"

"Sijui."

Kesho yake jioni anga ilikuwa safi. Rosalba alielekeza darubini, akamkalisha mzee mbele ya skrini. Nyota zilikuwepo, nne zote, zimetulia, mwanga wao uleule wa siku zote.

"Wameshapita," alisema mzee. "Nirudishe nyumbani."

Walishuka Vicuña. Kwenye mlango wa nyumba ya mzee, Rosalba alianza kutokwa na machozi. Mzee ndiye aliyempigapiga begani, taratibu, kana kwamba Rosalba ndiye aliyefiwa. Kisha akaingia ndani.