Fungu Lililofuata Baada ya Sauti

Kazi yetu ilikuwa kuangalia nani anakaa na nani. Kitenzi ni kama mwenye nyumba, hampangishi kila mtu. Kwa Kiingereza chetu mtu hupoteza mwavuli, hupoteza funguo, njia, uzito, hata sauti, lakini sijawahi kusikia mtu aliyepoteza deni wala mafua. Katika ile nyumba baridi ya kamusi mjini Lancaster tulilipwa kukata sentensi za watu kutoka magazetini na vitabuni, kuzibandika kwenye vipande vya karatasi, na kuvifunga kwa uzi, kila nomino na fungu lake. Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nilisema napanga makaratasi, maana ukieleza zaidi wanaanza kukuonea huruma.

Bwana Ormerod, mkuu wetu, alikuwa na sheria alizozirithi na ambazo hakuwahi kuzidadisi. Anayefungua kitenzi ndiye anayekifunga. Siku ya kukifungua, unatia herufi za jina lako kwa penseli ya buluu juu ya kila fungu, kisha unayapanga rafuni kuanzia jambo jepesi hadi jambo zito, na unayafanyia kazi kwa mpangilio huo. Na fungu halikai bila mwenyewe.

Majani yalipoanza kupukutika, mimi nilipewa kitenzi cha kuvunja, na nasema mapema kwamba sikuvunja hata kikombe. Kupoteza alipewa Clive Entwistle, mtu mpole, mwenye mzaha, asiyejua kukataa. Mke wake, Gwenda, alikuwa mjamzito baada ya kungoja hadi majirani wakaacha kuuliza. Clive alikwisha kuchonga kitanda cha mtoto kwa mikono yake, kibaya kweli, na alitembea na picha yake mfukoni.

Alipokuwa kwenye fungu la mwavuli, mwavuli wake ulipotea. Tulicheka. Alipofika kwenye funguo, funguo za nyumba zikapotea, nikamwambia amshukuru Mungu hakupewa kitenzi cha kuoza. Kisha likaja fungu la njia. Clive alizaliwa mji ule, na nyumba yake iko ng'ambo tu ya daraja, lakini jioni ile alizunguka ukunguni hadi chakula cha Gwenda kikakauka chunguni. Kesho yake alisema kila kona aliyopinda ilimrudisha kwenye mlango wetu. Alilisema hilo huku anacheka, ila hakunitazama.

Kwenye uzito alikonda hadi akawa anafunga suruali kwa uzi wetu wa mafungu. Kwenye sauti alikuja asubuhi moja anafungua mdomo na hakitoki kitu. Daktari alimtazama koo, akasema ni zima kabisa. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Mzee wetu pale alikuwa Bi Hesketh. Hakuolewa, alikula mkate wake wa jibini amesimama dirishani, na alitusahihisha hata salamu. Siku ile alikwenda kwenye rafu ya Clive, akapitisha kidole juu ya mafungu mpaka lile lililofuata baada ya sauti, akakiacha kidole palepale. Nilisogea nikaangalia. Lilikuwa fungu la mtoto.

Kwetu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika husemwa amepoteza mtoto. Ni kitenzi kilekile cha mwavuli. Nilikuwa nimekisema hivyo maisha yangu yote bila kukisikia, na siku ile nilikisikia, nikaogopa.

Clive hakutaka hata kulifungua. Alichukua kifutio akafuta herufi zake mpaka karatasi ikaota manyoya. Asubuhi zilikuwepo tena, buluu ileile, mwandiko wake uleule. Nilidhani ni Bwana Ormerod na sheria zake, nikamwendea juu nikamwambia utani mwingine ni dhambi. Aliapa kwamba hajapata kugusa kazi ya mtu, na kwa jinsi alivyokasirika nilimwamini. Ningefurahi zaidi kama angekuwa yeye.

Jumatano, kabla ya chakula cha mchana, simu ililia. Clive aliinua mkono wa simu, akasikiliza, na kwa kuwa hakuweza kusema neno, nilimnyang'anya. Alikuwa jirani yao. Gwenda alikuwa ameanza kuona damu, daktari amemlaza, na anamtaka mumewe. Nilipogeuka kumweleza, nilikuta hakuna haja. Clive alikuwa amepiga magoti mbele ya rafu, anayasukuma mafungu kwa mikono miwili, anatafuta jingine la kutanguliza, na kila alilolishika lilikuwa baya kuliko lile.

Bi Hesketh aliuweka mkate wake dirishani. Sijawahi kumwona anauacha kabla haujaisha.

"Toka hapo, kijana," alisema. "Nenda kwa mkeo."

Alilitoa lile fungu, akakaa mezani, akafuta herufi za Clive polepole, na juu ya manyoya yale akaandika zake. Bwana Ormerod alikuwa ameshuka kwa sababu ya kelele, akamkumbusha kwamba anayefungua ndiye anayefunga. Bi Hesketh akamjibu kwamba basi na yeye aufunge huo mdomo alioufungua.

Kisha akanigeukia mimi. "Kama kinataka jina, kimepewa. Mimi sina mtoto, Edna. Kije kitafute."

Nilicheka, kwa kweli nilicheka, maana niliona ni akili ya hali ya juu. Ni kumpa mwizi anwani ya nyumba tupu.

Jioni ileile damu ya Gwenda ilikatika. Asubuhi niliwahi kufika nikakimbilia rafuni, na herufi zilizokuwepo zilikuwa za Bi Hesketh, hazijabadilika. Sauti ya Clive ilirudi kidogokidogo, ikaanza na kikohozi. Aliyamaliza mafungu yote mengine na hakupoteza tena hata kifungo. Lile moja Bi Hesketh aliliacha palepale bila kulifungua, na hakuna aliyemhimiza.

Maua ya manjano yalipochomoza kando ya mto, Gwenda alijifungua msichana mwenye mapafu ya mpiga mbiu. Clive alileta keki, na Bi Hesketh alikula vipande viwili, tena ameketi. Alimpakata mtoto muda mrefu. Nilimtania kwamba kupakata mtoto kunampendeza, akaniambia niangalie kazi yangu.

Wiki hiyohiyo alikuja mwanamke kutoka Preston, kavaa koti zuri la kwendea kanisani, anamuulizia Edith Hesketh. Niliwawekea chai kwenye chumba kidogo, na sikuondoka kwa sababu hakuna aliyenifukuza. Yule mama alianza kwa kuomba radhi. Alisema ana mtoto wa kiume aliyempokea mchanga kutoka nyumba ya masista, akamlea kama wake. Sasa sheria imebadilika, watoto wa namna hiyo wanaruhusiwa kuona jina la aliyewazaa, na mwanawe huyo, Keith, alikwenda kulitazama bila kumwambia. Mama huyo alilikuta limeandikwa kwenye karatasi katika koti la Keith, baadaye. Keith alikuwa mwashi. Aliteleza juu ya jukwaa la ujenzi, akaanguka.

"Nimechelewa kuja, sikuwa na moyo," alisema. "Ila niliona ni haki yako kujua kwamba tumempoteza."

Bi Hesketh aliuliza ilikuwa lini. Ilikuwa wakati majani yanapukutika, Jumatano moja, kabla ya chakula cha mchana.

Aliuliza swali moja zaidi, kama Keith alikuwa na masikio makubwa.

"Makubwa," alisema yule mama, na wote wawili wakakaribia kutabasamu. "Mwenyewe aliyacheka."

Nilimsindikiza mgeni mlangoni. Niliporudi, Bi Hesketh alikuwa kwenye rafu ya Clive, ameshika lile fungu kwa mikono miwili.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema. "Waliniletea karatasi nikatia sahihi kwamba mtoto si wangu, wala hatakuwa wangu. Ilikuwa na muhuri, Edna. Nilidhani kitenzi hiki kinajua kusoma."

Nilimshika bega, akaniacha nimshike. Kisha akavuta kiti, akafungua uzi, akachukua kipande cha kwanza, akaanza kuandika, kwa sababu fungu lilikuwa lake.