Abiria wa Injini ya Zamani

Saa tatu asubuhi Hezekiah aliegesha Land Rover yake mbele ya gereji ya Nasrudin, mjini Nakuru, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu kwa sababu hendibreki ilikuwa imekufa kitambo. Nasrudin alilizunguka gari mara mbili. Kisha akainama, akatazama springi za nyuma zilivyolala.

"Mzee, umebeba viazi?"

"Ni watu," Hezekiah alisema.

Nasrudin alichungulia dirishani. Kwenye kiti cha mbele alikaa mama mwenye shali ya samawati. Nyuma kulikuwa na mwanamume aliyevaa tai, na mwanamke kijana aliyempakata mtoto mchanga. Aliwasalimu, wakaitikia.

"Hawa ni marehemu."

"Ndio. Huyo wa mbele ni mke wangu, Cherop."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa," Cherop alisema. "Angalia gari."

Kutoka kijijini kwao, juu ya Molo, hadi kwenye lami ni kilomita ishirini na mbili za udongo, na mvua ikinyesha ni Land Rover hiyo tu iliyopita. Gari la wagonjwa la wadi lilikuwepo pia. Lilikuwa nyuma ya ofisi ya chifu, juu ya mawe manne, tangu magurudumu yake yalipopelekwa kutengenezwa kabla ya uchaguzi. Kuku walitaga ndani yake. Kwa hiyo wagonjwa walibebwa na Hezekiah, ambaye injini yake ilipanda mlima wa mwisho kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayeswaga ng'ombe. Cherop alifia kwenye mlima huo, kifua kimembana. Miaka miwili baadaye akafuata mwalimu Kipyegon. Kisha Trizah na mtoto wake, katika mvua ya Aprili. Hakuna aliyeshuka. Walikuwa wameambiwa wanapelekwa hospitali, na hawakuwa wamefika.

Sasa Jelagat, mke wa mwanawe Zeddy, alikuwa na mimba ya miezi minane.

Nasrudin alifungua boneti, akasikiliza injini ikinguruma, akaizima.

"Chesisi bado ngumu. Injini ndiyo imechoka. Naweza kuifungua niichonge upya, lakini hii hata ikiwa mpya haikuwa na nguvu. Ama nikuwekee ya Isuzu. Itabidi nikate vishikio vya injini na nichonge bamba la kuishikanisha na giaboksi, lakini itavuta." Alijifuta mikono. "Sasa kuna kitu sijui. Hawa watu wamekaa kwenye gari, ama wamekaa kwenye injini?"

Hezekiah hakuwa amewahi kujiuliza.

"Nikiitoa tutajua. Ukikataa, nairudisha."

Adhuhuri injini ilikuwa ikining'inia kwenye mnyororo. Ilipoanza kupaa, abiria walifungua milango, wakashuka mmoja mmoja. Waliifuata hadi ilipowekwa sakafuni, wakakaa kando yake juu ya matairi makuukuu. Mwalimu alikung'uta suruali yake.

"Wako kwenye injini," Nasrudin alisema.

Hezekiah alipewa chai, akainywa polepole. Kwa miaka sita Cherop alikuwa amekaa kushoto kwake, akimwonyesha mashimo ambayo tayari alikuwa ameyaona. Injini ikibadilishwa, kiti hicho kingebaki kitupu. Ikichongwa upya, Jelagat angepanda ule mlima kwa gia ya kwanza.

"Baba Zeddy," Cherop alisema, "unangoja nini?"

"Nafikiria."

"Fikiria Jelagat. Mimi hiyo gari imenimaliza mgongo."

"Weka mpya," Trizah alisema, akimgeuza mtoto begani. "Kule nyuma tumejaa."

Kazi ilichukua siku nne. Injini ya zamani ilipakiwa nyuma, kwa hiyo wote wakarudi nayo. Kwenye mteremko wa Sachangwan, ambako ajali zimeua wengi, abiria walinyamaza, kama watu wanaopita penye matanga. Walipofika kwenye ule mlima, ambao wakirudi nyumbani huwa ni wa kuteremka, Hezekiah aligeuza gari chini kabisa akaupanda, ili aijaribu injini mpya. Injini ilipanda kwa gia ya tatu bila kukohoa. Trizah alitazama nje, pale alipofia, kisha kilele kikipita.

"Kumbe ni karibu hivi," alisema.

Injini ya zamani iliwekwa kwenye mbao chini ya upenu wa nyumba. Wanne wale walikaa hapo, wakiizunguka kama jiko. Cherop alilalamikia baridi.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, Jelagat alishikwa na uchungu. Hezekiah aliendesha, Zeddy akamshikilia mkewe. Walikata kilomita ishirini na mbili kwa dakika arobaini, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kituo cha afya kilichokuwa kando ya lami kilikuwa na kufuli langoni. Askari alitoka kwenye kibanda, amejifunika gunia la nailoni.

"Mzee, leo hakuna mtu. Muuguzi alikuwa mmoja na wamemhamisha. Jaribuni Nakuru."

Walijaribu. Mtoto, msichana, alizaliwa kabla ya Sachangwan, akalia. Damu ya Jelagat haikukoma.

Nasrudin alipiga simu siku iliyofuata.

"Injini iko aje, mzee?"

"Ni nzuri. Haikuzima hata mara moja."

"Na mama wa watu, yule mjamzito?"

Hezekiah alitazama nje. Jelagat alikuwa amekaa kiti cha mbele cha Land Rover, mikono mapajani, akitazama mbele. Cherop aliinuka chini ya upenu, akatembea hadi kwenye gari, akamfunika kwa shali yake ya samawati, akarudi kukaa.

"Amekaa," Hezekiah alisema.

Alikata simu, akachota maji ya radieta, kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa na homa na walikuwa wameshamtuma mtu kumwita. Chini kidogo, nyuma ya ofisi ya chifu, kuku mmoja alitoka katika gari la wagonjwa, akitetea.

"Tumefika, baba?" Jelagat aliuliza.

"Bado kidogo," alimjibu, akaufunga mlango taratibu usije ukamgonga.