Tano kwa Sababu ya Mandazi

Lornah alikosea kitu moja tu: alianza na chai.

Kazi yake, pale ofisini Kilimani, ni kupunguza uzito wa video isimalize data ya mtu, na jicho lisigundue chochote kimepungua. Sasa jicho la mtu kompyuta hailijui vizuri. Lazima watu wakae, waangalie, watoe alama, moja ya mbovu mpaka tano ya safi. Bosi wake Mwaura alisema majibu yafike saa kumi, la sivyo utafiti anapewa mtu mwingine. Basi Lornah akapigia Senje Veronicah, dada ya babake, naye akatoka Kabiria na akina mama kumi na mmoja wa kanisa, wamejifunga vilemba kama wanaenda kupokea askofu.

Wakanywa chai. Wakala mandazi. Wakawekewa video ya kwanza, ile ameharibu makusudi aone kama watagundua, maporomoko ya maji yanaonekana kama ukuta wa mawe unabomoka.

Senje akaandika tano. Wanjira, jirani yake, akachungulia, naye akaandika tano.

Video kumi, tano tupu. Saa nane na nusu.

"Senje, ile ya kwanza kwani uliona nini?"

"Niliona mtoto wetu amejaribu."

"Lakini ilikuwa mbaya! Niliiharibu mwenyewe!"

"Sasa nikule mandazi yako halafu nikupatie moja? Mimi nililelewa, Lornah."

Lornah akashika kichwa. Halafu akakumbuka: kwa simu yake kuna harusi ya Becky wa kanisa lao, ya mwezi uliopita, na hawa mama wote wako ndani, na sare mpya. Akaikata vipande mbio mbio. Vingine akaviharibu, kimoja akakiacha kilivyo, kimoja akakipunguza kwa ile njia yake mpya. Akawasha skrini.

"Simamisha!" Senje akasimama yeye. "Rinda yangu ilikuwa maruni. Mbona imekuwa rangi ya maini? Moja!"

"Na mimi sina macho!" Wanjira akalalamika. "Pua iko, macho hakuna. Hakuna sufuri hapa?"

"Ona Becky amewekwa kidevu mbili!" mama mmoja akaita.

"Hiyo wachana nayo," Senje akamkatiza. "Hiyo si kompyuta."

Moja, mbili, moja. Kile kipande hakijaguswa, tano. Kisha kikaja cha ile njia mpya ya Lornah, chepesi mara nane kuliko kilivyokuwa mwanzo. Mama wakasogelea skrini, kila mtu anajitafuta. Tano, tano, tano, mpaka mwisho wa mstari, ila Senje ameandika nne.

Zilibaki dakika tano.

"Senje, hii nayo iko na shida gani?"

"Haina shida. Hiyo ndiyo shida." Akaelekeza kidole safu ya tatu ya viti kwenye skrini. "Ni safi mpaka inaonyesha vile nilikuwa nasinzia pasta akihubiri. Hapo tu, mwanangu, haribu kidogo."

Lornah akamtumia Mwaura majibu, na hiyo nne ndani. Senje alikuwa tayari anafunga mandazi yaliyobaki kwa tishu.