Aliyemwona Kipozamataza

Kwa majuma saba Zacharie alikuwa akijifungia bafuni kila jioni kusikiliza ndege ambao hakuwahi kuwaona. Aliweka redio ya diski juu ya mashine ya kufulia, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, kitabu wazi magotini, akafumba macho. Sauti moja ilikuwa kama bawaba kavu ya mlango unaofunguliwa taratibu. Nyingine kama kijiko kinachogonga glasi mara tatu na kusita. Alitaja jina kwa Kiswidi, kisha kwa Kilatini, ndipo akatazama jibu. Mara nyingi alikuwa amekosea.

"Papa Olive," mkewe Kahindo alimwita kutoka mlangoni, "hao ndege wako hawaogi, lakini sisi tunaoga."

Ilikuwa Januari ya mwaka 2010, na theluji ilikuwa imelala Akalla, kitongoji cha Stockholm walikoishi, kwa kimo cha magoti, imegeuka kijivu kando ya barabara. Kazi aliyokuwa akijiandalia ilikuwa imemfuata kwenye ndoo na ufagio. Kwa miaka mitano alikuwa akisafisha ofisi za Kista, na mojawapo ilikuwa ya kampuni ndogo iliyowapeleka Waswidi nchi za mbali kutazama ndege. Asubuhi moja alisimama mbele ya picha kubwa ukutani, akamwambia mwenye kampuni kwamba jina lililoandikwa chini yake si la ndege yule. Yule alikuwa chozi, ndege mfyonza maua, wa milima mirefu, dume, anayebadili manyoya. Lennart, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, alifungua kitabu na kukuta ni kweli. Akamuuliza amejifunzia wapi. Zacharie akamweleza kwamba kwa miaka minane aliwaongoza watafiti katika misitu ya juu ya Butembo, Kongo, hadi vita vilipomtoa huko.

Mwezi Novemba mwongozaji wa kampuni aliacha kazi ghafla, na Lennart akamkumbuka. Alihitaji mtu wa kuongoza safari ya majira ya baridi: siku kumi na mbili katika jangwa la Namib.

"Mimi ni mtu wa milimani," Zacharie alimwambia. "Kwetu mvua hunyesha mpaka mawe yanaota kuvu. Jangwa sijawahi kulikanyaga."

"Utajifunza," Lennart alisema. "Na kuna dereva mzuri kule. Safari ikienda vyema, nitakupa mkataba wa kudumu."

Kijitabu cha matangazo kilipofika nyumbani, Olive, binti yake wa miaka kumi na sita, ndiye aliyekisoma kwa sauti. Chini ya picha ya baba yake paliandikwa kwamba huyu ni mwana wa Afrika anayelisoma jangwa kama wengine wanavyosoma gazeti la asubuhi. Olive aliinua macho. "Men pappa," lakini baba, alisema kwa Kiswidi, kama alivyozoea kuwajibu wazazi wake, na akaendelea kuuliza: tangu lini baba yake aliwahi kuishi jangwani?

"Ni maneno ya biashara tu, mama," Zacharie alijibu.

Angeweza kupiga simu yakafutwa. Hakupiga, na alikuwa na sababu ambayo hakumwambia mtu. Mwaka wake wa pili Sweden aliingia maktaba moja ya mjini na kukuta kitabu cha mtafiti ambaye yeye Zacharie aliwahi kumtumikia. Mlikuwa na picha ya chozi adimu ambaye kiota chake Zacharie alikigundua baada ya kulala tumbo chini, kwenye matope, siku kumi na moja. Ndege yule alikuwa ameshikwa mkononi. Mkono ulikuwa wa Zacharie, umekatwa na ukingo wa picha pale kwenye kiwiko. Maelezo yalisema: mkono wa mwenyeji. Alikirudisha kitabu mahali pake kwa utaratibu, kama mtu anayemfunika maiti. Tangu siku ile alitaka jambo moja, nalo ni kusimama mbele ya watu akiwa na uso.

Wasafiri walikuwa kumi na mmoja, wengi wao wastaafu, wenye kofia za rangi ya vumbi na darubini ghali. Waliondoka Stockholm katika baridi ya kukata masikio, na kesho yake wakashuka katika joto ambalo lilimpiga Zacharie kifuani kama pumzi ya tanuri. Dereva aliwangoja na basi dogo jeupe. Aliitwa Damian, mtu wa makamo, mkimya, mwenye mvi zilizoanzia masharubuni. Alipakia mizigo yote bila kuuliza ipi ni ya nani.

Siku ya kwanza, katika uwanda wa kokoto uliotanda hadi macho yakachoka, ndege mdogo wa kijivu aliruka na kutua juu ya jiwe. Zacharie alihisi kumi na mmoja wanamgeukia. Akataja jina. Kalamu kumi na moja zikaandika.

Alasiri, walipokuwa wawili tu wakipanga chupa za maji kwenye sanduku la barafu, Damian alimwambia kwa Kiingereza, bila kumtazama, "Yule wa asubuhi siye uliyemtaja. Nilinyamaza kwa sababu ya wageni."

Zacharie aliendelea kupanga chupa. "Una uhakika?"

"Nimewaendesha watu wa ndege miaka kumi na tisa."

"Mimi sijawahi kufika jangwani," Zacharie alisema. Neno lilimtoka kabla hajalizuia, naye akashangaa jinsi lilivyompunguzia uzito. "Kwetu ni msitu."

Damian alifunga sanduku. Hakucheka wala hakuonyesha kushangaa. "Basi utazame mkono wangu kwenye usukani," alisema. "Kidole kikiinuka, kuna kitu. Kikielekea kushoto, tazama kushoto. Jina nitakunong'oneza tukishuka."

Ndivyo walivyosafiri. Kidole cha Damian kiliinuka, Zacharie akasema kwa sauti ya utulivu, "Simamisha hapo, tafadhali," na Damian akasimamisha gari kama mtu aliyeamriwa. Waliona tandawala, ndege wakubwa wa miguu mirefu, wakitembea kwa madaha juu ya kokoto. Waliona tai, waliona mbayuwayu ambao mzee mmoja aliwaita "wetu" kwa furaha, kwa kuwa huzaliana Sweden. Kila mara wageni walimshukuru Zacharie. Jioni moja alimpigia Kahindo simu na kumsimulia habari ya kidole, akicheka mpaka akakohoa. Olive naye alikuwa akisikiliza. Kuhusu ndege wa siku ya kwanza, Zacharie hakuwarudia wageni kuwasahihisha. Alijiambia atafanya hivyo kesho, kisha kesho nyingine, na kosa likabaki katika madaftari kumi na moja.

Ndege waliyemtaka kuliko wote ni kipozamataza wa matuta ya mchanga, ambaye haishi popote duniani isipokuwa katika jangwa lile. Madeleine, mwalimu mstaafu wa Skärholmen, alikuwa amemngoja tangu mumewe alipokuwa hai. Walikuwa wamepanga kuja pamoja, na mume akafa mwaka waliokwisha kununua tiketi. Alimweleza Zacharie hayo akiwa amekaa kiti cha mbele, bila kutaka kuhurumiwa.

Walitembea tangu alfajiri, ukungu wa bahari ukiwa bado haujainuka. Saa tatu zikapita. Wengine walianza kunung'unika kwa sauti ya chini. Damian, ambaye kwa kawaida alibaki kwenye gari, aliwafuata nyuma akiwa na maji. Alipompita Zacharie alichutama kama anayefunga kamba ya kiatu, akamwonyesha kwa ncha ya kijiti alama ndogo mchangani. "Huyu hukimbia, harukiruki," alinong'ona. "Tazama ukucha wa nyuma ulivyo mrefu. Amepita sasa hivi. Fuata mpaka kwenye majani yale, usipite kushoto, kivuli chako kitamfukuza."

Zacharie alisimama wima. "Nifuateni," aliwaambia kwa Kiswidi. "Msipite kushoto."

Naye kipozamataza akawa pale, chini ya shungi la majani makavu, mwekundu kama mchanga wenyewe, akichokoa mbegu kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kusafiri kwa ajili yake. Madeleine alitazama muda mrefu kupitia darubini. Alipoishusha, vioo vilikuwa vimelowa. Alimshika Zacharie mikono yote miwili.

Damian alikuwa amesimama hatua kumi nyuma yao. Mtu mmoja alipendekeza picha ya pamoja, na kwa kuwa kila mmoja alitaka kuwemo, wakampa Damian kamera. Aliwaomba wasogeane kidogo. Zacharie alikuwa katikati. Wazo likamjia, na alilijua vizuri lilikotoka: kwenye picha ile ya maktabani. Akalifukuza, akatabasamu.

Siku ya mwisho, uwanja wa ndege, Damian alimshika bega. "Nimewaandikia wenye kampuni yenu mara nne, kupitia wenye magari, nikiomba kuongoza," alisema. "Wananijibu kwamba wageni wanataka mtu wa lugha yao. Wewe unayo. Waambie ni nani alikuwa akiona."

"Nitawaambia," Zacharie alisema, na wakati huo alikuwa akisema kweli.

Mwezi Machi kampuni iliandaa jioni ya picha katika ukumbi mmoja wa Kista. Walikuja wasafiri wote pamoja na watu wengine hamsini waliotaka kwenda mwaka uliofuata. Kahindo alivaa kitenge chake cha harusi za watu, Olive akakaa pembeni yake na simu mkononi. Zacharie alisimama mbele, mwanga wa picha ukimpiga begani, akaeleza kila ndege. Sauti yake haikutetemeka. Alikuwa hajawahi kusikilizwa hivyo katika nchi hii, na watu wazima na fedha zao na elimu yao, wote kimya, wakimngoja amalize sentensi.

Kisha Madeleine akainua mkono. "Nataka kuuliza jambo lililonisumbua tangu turudi," alisema. "Siku ya kipozamataza hakuna hata mmoja wetu aliyeona chochote. Wewe ulimwonaje?"

Ilikuwa rahisi. Lilikuwa jina moja tu la kutamka. Zacharie alimwona Lennart amesimama ukutani, mikono kifuani, akitabasamu. Aliziona nyuso zilizoinuliwa kumwelekea yeye.

"Nyayo," alisema. "Kwetu mtoto hufundishwa kusoma nyayo kabla ya kusoma kitabu."

Walipiga makofi muda mrefu. Kahindo alipiga pia, kichwa chake kikiwa kimeinama.

Walirudi kwa miguu kwa sababu Kahindo alisema anataka hewa. Njia ilikuwa na barafu na wote watatu walitembea wakitazama chini. Olive ndiye aliyeanza kuongea, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo alikuwa haitumii na baba yake ila akiwa mgonjwa.

"Papa, na Damian alikuwa wapi?"

"Alikuwa anaendesha gari," Zacharie alisema.

Walipofika nyumbani Olive alisema usiku mwema kwa Kiswidi, kwa adabu kabisa, kama anavyoagwa mgeni.

Asubuhi Zacharie alikwenda ofisini kwa Lennart kabla ya wengine kufika. Mkataba ulikuwa tayari mezani. Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: kidole kwenye usukani, ndege wa siku ya kwanza, ukucha wa nyuma, kijiti. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hata kwa kufukuzwa, na kwa namna fulani alikuwa akiyatamani hayo.

Lennart alimsikiliza hadi mwisho. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba Damian ndiye huona. Hata mwongozaji aliyekutangulia hakuwa akiona kitu. Kaa, Zacharie. Wateja wamekupenda, na hilo halifundishiki." Alimsogezea kalamu. "Lakini umesema vyema. Katika kijitabu kipya tutamtaja. Hata picha tutaweka." Alivuta kibodi, akaandika neno moja, vidole vikasimama hewani. "Damian nani? Sisi tunailipa kampuni ya magari ya kule. Kwenye karatasi zangu ni dereva tu."

Kwa siku kumi na mbili Zacharie na Damian walikunywa maji kutoka chupa moja. Alijua kwamba Damian hali samaki, kwamba goti lake la kulia humsumbua kukiwa na ukungu, kwamba husinzia kwa dakika saba kamili baada ya chakula. Jina la pili hakuwahi kumuuliza.

"Niletee baadaye," Lennart alisema kwa upole, "haina haraka." Zacharie akatia saini mahali alipoonyeshwa.

Kwenye kituo cha treni cha Kista, juu ya daraja ambako upepo hupita bila kuzuiliwa na kitu, alitoa simu akapiga namba iliyokuwa kwenye karatasi za safari. Iliita mara nyingi. Damian alipopokea, nyuma yake palisikika injini na watu wakizungumza na kucheka kwa lugha ambayo Zacharie hakuifahamu.

Alijitambulisha. Akauliza hali ya goti. Halafu akasema, "Naomba unitajie jina lako kamili. Ni la kijitabu cha safari. Nimewaambia."

"Umewaambia wote?"

"Nimemwambia mwenye kampuni."

Injini ilizimwa.

"Na mwaka ujao," Damian aliuliza, "anayeongoza ni nani?"

Treni ya Akalla ilikuwa imeingia. Milango ilifunguka mbele ya Zacharie, watu wakashuka wakimsukuma kwa mabega.

"Ni mimi," alisema.

"Basi andika Damian," sauti ilisema, bila ukali wowote. "Ndivyo mnavyoniita. Nina wageni, rafiki yangu, wanataka kushuka."

Milango ikafungwa. Zacharie aliendelea kushikilia simu sikioni, kiganja cha mkono mwingine kikiwa wazi, na juu yake kalamu aliyokuwa ameiandaa ili aandike.