Mama Aliyemwombea Golikipa Afungwe

Clementina alifungua mlango akawakuta watu sita wamesimama nje, theluji imewakaa mabegani. Mbele alikuwa Mzee Zephania, mwenyekiti wa Watanzania wa pande zile za Malton, jirani na Toronto, koti la suti kalivaa juu ya fulana ya kazini. Pembeni yake Godelive, mwenzake Clementina wa kupanga mizigo uwanja wa ndege. Nyuma kinamama wengine, kila mmoja khanga yake imekunjwa kwapani. Hakuna aliyepiga simu kusema anakuja, na ilikuwa Jumatatu asubuhi, watu wanatakiwa wawe kazini.

"Nani?" Clementina akauliza, mkono bado uko kwenye kitasa.

"Tuingie kwanza, Mama Ombeni. Baridi."

"Mzee, nani?"

"Tuingie."

Wakamkalisha kwenye kochi, Godelive kulia, mama mwingine kushoto, wakamshika mikono kabla hajaambiwa neno. Ndivyo tunavyofanya. Habari ya msiba haipelekwi kwa simu, wala haipelekwi na mtu mmoja. Anayepewa lazima awe ameshikwa, maana hujui ataangukia wapi. Ndipo Mzee Zephania akasema kwamba Gelasius ametangulia. Alikuwa kule kijijini kwao Kamachumu, juu ya ngazi, anakagua mabati ya nyumba aliyokwenda kuimalizia. Akashuka akasema kichwa kinamuuma, akaomba maji. Maji yalipoletwa hakuyanywa. Presha.

Clementina alimlilia mumewe mpaka sauti ikakauka. Kinamama wakaisogeza meza ya kioo ukutani, wakashusha magodoro, wakatandika mashuka ya maua sebuleni. Mmoja akaibandika sufuria kubwa ya chai, akatafuta tangawizi kwenye makabati yote mpaka akaipata nyuma ya unga wa sembe. Clementina alipoweza kusema tena, neno lake la kwanza lilikuwa, "Ombeni ameambiwa?"

Ombeni ndiye mtoto wao wa pekee, ana miaka kumi na minane, golikipa wa timu ya taifa ya vijana ya hoki ya barafuni, ya nchi ile waliyohamia. Wiki ile mataifa yote yanayoujua mchezo huo yalikuwa yameleta vijana wao Toronto: Warusi, Wafini, Waswidi na wengine. Wachezaji walikuwa wamewekwa hotelini mjini, na kocha alikuwa amewachukulia simu tangu kambini wasisome maneno ya watu. Habari isingemfikia Ombeni mpaka mtu aende kumpelekea.

"Hajaambiwa," Mzee Zephania akasema. "Na hapo ndipo tunataka tukae tuzungumze."

Wakampigia Shangazi Adelina, dada yake Gelasius, simu ikawekwa katikati ya godoro ili wote wasikie. Kule mbwa walikuwa wanabweka na watu wanapasua kuni.

"Tunazika Jumamosi," Shangazi akasema. "Ukoo umeshakubaliana, hatuwezi kumweka zaidi ya hapo. Mtoto aje. Udongo wa kwanza ni wake, na kiti cha baba yake ni chake. Asipofika nitamsimamisha mwanangu, lakini moyo wangu hautaki. Wifi, unanisikia? Moyo wangu hautaki."

"Nakusikia, Wifi."

Nusu fainali na Warusi ilikuwa Jumatano. Fainali Jumamosi hiyohiyo ya mazishi.

"Aambiwe leo," Godelive akasema. "Baba wa mtu amelala huko, yeye akae analinda goli?"

"Godelive, nikuulize," Mzee Zephania akasema. "Mtoto wa kidato cha nne akifiwa katikati ya mtihani, nyumbani wanamwambia?"

"Hawamwambii."

"Wanangoja nini?"

"Amalize karatasi ya mwisho."

"Basi. Na huu ndio mtihani wake. Gelasius alikuwa anamwamsha mtoto huyu alfajiri tangu ana miaka mitano, anamfunga viatu vya barafu ndani ya gari, anampeleka, ndipo anakwenda kazini hajalala. Alikuwa anamwaga maji uwani usiku ili pagande mtoto apate pa kutelezea. Leo amefumba macho, sisi ndio tumwite mtoto tumwambie toka?"

Mwisho wakakubaliana hivi: Jumatano waende wote uwanjani. Timu ikifungwa, wamchukue mtoto hapohapo, wamweke katikati, wamwambie, na Alhamisi apande ndege na mama yake, wawahi kuzika.

"Na ikishinda?" Clementina akauliza.

"Wale ni Warusi, Mama Ombeni," Mzee akasema kwa upole. "Hawa watoto watafungwa."

Akamwambia yeye anaweza kutangulia kwenda kuzika, wao watabaki na kijana. Clementina akakataa. Kila mechi Ombeni humtafuta kwanza kwa macho, akimwona ndipo anavaa kofia yake. Kile kiti kikiwa kitupu atajua.

Jumatano wakaenda. Mzee Zephania alikuwa amepiga marufuku nguo nyeusi, akagawa jezi nyekundu. Zilivaliwa juu ya makoti mazito, kila mtu akawa kama gunia lililojaa. Kinamama wakakaa mstari mmoja karibu na kioo, nyuma ya goli, Mzee na wazee wenzake nyuma yao.

"Mpira uko wapi?" Godelive akauliza, watu walipoanza kupasha misuli.

"Si mpira. Ni kile kisahani cheusi."

"Kile? Mimi nilidhani uchafu umedondoka."

"Godelive, tazama tu."

"Natazama, Mzee. Mbona wanasukumana na refa anawaangalia?"

"Kusukumana kidogo kunaruhusiwa."

"Kidogo? Yule amebandikwa ukutani kama tangazo!"

Hata Clementina alitabasamu, na tabasamu lile likamchoma.

Ombeni akaja golini kwake, mrefu, kavaa mapedi yanayompa upana wa kabati la nguo. Akainua macho kumtafuta mama yake. Miaka yote pale alikuwa anamkuta na baba, au baba akisafiri, mama peke yake na kikombe cha chai. Siku hiyo aliukuta mstari. Aliona kinamama kulia na kushoto wamepitisha mikono yao kwenye mikono ya mama, na khanga ziko mapajani juu ya zile jezi. Wazee walikuwa nyuma, mikono imefumbatwa. Uwanja mzima ulikuwa umesimama unapiga kelele. Wao tu ndio waliokaa, kimya.

Akateleza polepole mpaka kwenye kioo. Kofia ameishika mkononi.

"Baba?" midomo yake ikasema.

Kioo kilikuwa kinene, hakuna aliyeisikia sauti. Wote walisikia.

Nyuma ya shingo yake Clementina akamsikia Mzee Zephania ananong'ona, "Cheka, Mama Ombeni. Cheka, mama."

Clementina akacheka. Akauchomoa mkono wake kwa Godelive, akanyanyua dole gumba.

Kijana akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akakigonga kioo na glavu yake, akavaa kofia, akarudi golini.

Sasa sikia jambo ambalo mama yule hakumwambia hata padri. Alitia mkono mfukoni, akashika rozari, na kipindi cha kwanza mpaka cha tatu aliomba mwanawe afungwe. Kisahani kilipokwenda golini aliomba, Bwana, kipite. Kipite chini ya mguu wake, kipite begani, nimpeleke mtoto akamzike baba yake. Na kila alipoomba, Ombeni alidaka. Uwanja ulinguruma, watu wasiomjua walimpigapiga Clementina mgongoni, na yeye aliiona Kamachumu inakwenda mbali. Warusi walifunga mara mbili, Clementina akavuta pumzi. Wenzake Ombeni wakasawazisha, akakata tamaa. Ikafika kwenye penalti.

Mrusi wa mwisho alikuja anayumbisha gongo lake kushoto na kulia. Ombeni alikuwa ameshalala chini, goli liko wazi upande mmoja, Clementina akasema kwa sauti, "Asante, Mungu." Kutoka pale chini mguu wa Ombeni ukanyooka, kisahani kikagonga ncha ya pedi, kikatoka.

"Amedaka!" Godelive aliruka mpaka khanga ikamwanguka. "Ameda..." Akakaa. Akajifunika mdomo.

Mzee Zephania alikuwa amesimama mikono juu. Naye akaishusha mmoja mmoja.

"Nilikuomba nini mimi?" Clementina akasema, na hakuwa anasema nao. Kisha akainuka. "Nashuka kumwambia."

"Si peke yako. Mtoto haambiwi na mtu mmoja."

"Basi twendeni wote."

"Tukienda wote tumeshamwambia, Mama Ombeni. Na Jumamosi nani atasimama pale golini? Amefika fainali. Fainali! Baba yake angekuwepo..."

"Hayupo," Clementina akasema, akashuka.

Wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto dakika chache tu kwenye ujia wa chini, sakafu ya saruji, kuta zimepakwa rangi ya kijivu. Ombeni akatoka nywele zinatoa mvuke. Akamkumbatia mama yake akamnyanyua.

"Mama, wale watu wote, kwa nini wamekuja?" Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, ila alipenda kukisema naye. "Mimi nilifikiri kuna mtu amekufa."

"Wamekuja kukushangilia."

"Hawajui hoki, wale!"

"Ndiyo wanajifunza."

"Na Baba? Ameona mechi? Kwenye simu kule?"

Hapo Clementina alifungua mdomo aseme. Akamtazama kijana alivyo mrefu, akatazama saruji ile, akatazama huku na huku. Hapakuwa na Godelive wala mkono wa mtu mwingine. Akianguka huyu, nani atamdaka?

"Ameona," akasema. "Ameona yote."

Mtu wa timu akaita, basi linaondoka. Ombeni akambusu kwenye paji la uso akakimbia.

Jumamosi, Kamachumu ilipokuwa alasiri, Malton ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha. Clementina alimzika mumewe akiwa amesimama jikoni, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Picha ilikatika katika. Aliona migomba, aliona miavuli, aliona mgongo wa mtu mwenye shati jeupe. Akaona mtoto wa Adelina anasogezwa mbele, anainama, anachota udongo. Picha ikaganda hapo, mkono hewani. Ilipoachia, watu walikuwa tayari wanashindilia.

Jioni wakaenda tena kwenye mstari wao. Mara hii Clementina aliomba ushindi, maana sasa kilichokuwa kimebaki ni kikombe kile tu. Aliomba kwa nguvu zake zote. Wafini wakafunga moja, mbili, tatu. La nne lilikuwa la mbali, la hovyo, hata mtoto angelidaka. Likapita katikati ya miguu ya Ombeni. Akageuka akalitazama ndani ya wavu.

Baba wa mchezaji mwenzake ndiye aliyemleta nyumbani na gari. Kinamama walikuwa wameshatangulia kufika, magodoro yameshashushwa tena. Ombeni akasukuma mlango, begi kubwa begani, medali ya fedha imening'inia kwenye zipu. Akaona magodoro. Kinamama wawili wakainuka kwenda kumshika.

"Msinishike."

Wakasimama.

"Ni Baba," akasema.

Mzee Zephania akamwambia, taratibu, kama ipasavyo, akianza na habari za Mungu. Ombeni akamkatiza.

"Lini?"

"Jumatatu, baba."

"Warusi ilikuwa Jumatano." Akamgeukia mama yake. "Mama, nilikuuliza. Nilikuja kwenye kioo nikakuuliza."

"Uliniuliza, mwanangu."

"Okei. Nataka kwenda. Leo. Nataka nimzike."

Chai ilikuwa inachemka jikoni, mfuniko unagongagonga. Ikabidi Mzee aseme.

"Wameshamzika, Ombeni. Leo. Ilikuwa asubuhi ya huku."

"Asubuhi?" Akafikiri kidogo. "Asubuhi nilikuwa nakula mayai."

Simu ya Mzee ikalia, Shangazi Adelina, anataka kumpa mtoto pole mwenyewe. Ombeni akaipokea. Wote waliisikia sauti ya Shangazi, imekwaruzika kwa kilio, inamwita baba yangu, baba yangu mdogo, inamwambia mwanawe ametupa udongo kwa niaba tu, asiwe na kinyongo. Kisha ikamuuliza, kwa moyo mweupe kabisa, "Haya niambie, angalau mmeshinda?"

"Tumefungwa, Shangazi."

Akairudisha simu. Bado alikuwa amesimama karibu na mlango, theluji ya viatuni inayeyuka kwenye zulia. Alipozungumza tena alizungumza Kiingereza, haraka, na Godelive hakuyapata maneno yote, lakini Clementina aliyapata.

"Ile penalti ya mwisho," Ombeni alimuuliza mama yake. "Ya yule Mrusi. Kama ingeingia, mngeniambia usiku ule?"

"Ndiyo."

"Ningewahi?"

Clementina aliwatazama wenzake mmoja baada ya mwingine. Mzee Zephania alikuwa ameinamisha kichwa anatazama vidole vyake.

"Ungewahi," akasema.

Ombeni akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akalishika begi lake, akatoka nalo. Lile gari lilikuwa halijaondoka, yule baba alikuwa bado anakwangua barafu kwenye kioo cha mbele. Kupitia dirishani wakamwona Ombeni anafungua mlango wa nyuma anaingia, na yule mzungu, bila kuuliza, anazunguka upande wake na kuwasha gari.

Ndipo kinamama wakaanza kilio walichokizuia wiki nzima, kikapanda mpaka majirani wa juu wakagonga sakafu. Clementina alitaka kulia nao. Akafungua mdomo, akangoja, na hakikuja kitu.