Mwongozo wa Duka la Mapazia

Badria alikuwa ameandika mwongozo uleule mara kadhaa, na kila mara programu ilimkimbia. Kampuni yao ya Upanga ilitengeneza programu ya kuendeshea maduka, na kazi yake ilikuwa kuwaelekeza wafanyabiashara wa Kariakoo namna ya kuitumia. Akimaliza kuandika "bonyeza kitufe cha kijani, juu kulia," Beno aliyeitengeneza anakuwa ameshakihamisha.

"Huku kimekaa vizuri zaidi," Beno husema, bila ubaya wowote.

Jumatatu moja Badria alimpelekea Madhuben nakala mpya ya mwongozo, imechapwa kwa rangi. Mama huyo alikuwa akiuza vitambaa vya mapazia Mtaa wa Livingstone tangu mumewe akiwa hai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Huyu bwana anarudisha kitambaa, anataka rangi nyingine."

Madhuben alivaa miwani, akaweka kidole kwenye picha ya mwongozo, kisha akatazama skrini. Pichani kitufe kilikuwepo. Kwenye skrini hakikuwepo.

"Labda sioni vizuri," alisema.

Badria akainama kutafuta, naye hakukiona. Uso ulimwaka kwa aibu, maana mama wa watu alikuwa anayalaumu macho yake bure.

"Unaona vizuri, mama. Mwongozo ndio umepitwa na wakati."

Akampigia Beno. "Kitufe cha kurudisha bidhaa kiko wapi?"

"Nimekiingiza kwenye menyu jana."

"Njoo dukani."

"Si nimeshakwambia kilipo?"

"Nimesikia. Njoo tu uone."

Beno alifika na bajaji. Badria hakumgombeza; alimketisha kando ya Madhuben, akamwomba anyamaze kidogo. Mama akatafuta polepole. Akafungua mauzo, akafungua manunuzi, akarudi mwanzo, huku akimwomba mteja radhi. Kidole chake kilipoipita ile menyu kwa mara ya pili, Beno alishindwa kuvumilia. Akamwonyesha.

"Samahani, mama. Mimi ndiye niliyekihamisha."

"Basi siku nyingine uniambie kwanza," Madhuben alisema, akageuka kumkatia mteja kitambaa cha bluu.

Walirudi Upanga kwa miguu, wakizungumza njia nzima, wakakubaliana. Beno hatabadilisha jina la kitufe bila kumwarifu Badria. Badria naye ataacha kuandika rangi na pande; ataandika jina la kitufe na kazi yake, basi. Wiki hiyo aliondoa picha karibu zote, na mwongozo ukabaki mwembamba.

Skrini ilipobadilika tena, Badria alimpigia Madhuben kwa wasiwasi.

"Imebadilika?" mama aliuliza. "Mbona asubuhi nimerudisha kitambaa? Nilitafuta neno, nikaliona."

Badria alikuwa bado anatabasamu ujumbe wa Beno ulipoingia. Alitaka kubadilisha jina la kitufe cha "Ghala" liwe "Stoo", kwa kuwa ndivyo wateja wanavyosema. Inawezekana?

Badria alifikiri kidogo, akaona Beno ana hoja.

"Subiri hadi Alhamisi," alimjibu. "Nirekebishe mwongozo kwanza."

Beno akasubiri.